Nani Husoma Gazeti la Ukutani, na Amefikaje Hapo?

Wanachuo wetu warudipo kutoka mazoezi ya kufundisha hukabidhi taarifa zao kwa wakufunzi, nasi huzisoma moja baada ya moja. Imo katika taarifa hizo sentensi moja ambayo sasa twaijua kwa ghibu: "Gazeti la ukutani lilibandikwa, nalo lilisomwa na wanafunzi wote." Aliyekwenda Kahama ameiandika. Aliyekwenda Kishapu ameiandika. Hata yule aliyekwenda Geita, katika shule ambayo darasa moja lina watoto zaidi ya mia na wengine huketi sakafuni, naye kaiandika vile vile bila kubadili neno. Hatusemi kwamba wanachuo hawa ni waongo. Twasema kwamba hawakutazama, wakaandika lile walilodhani mkufunzi angependa kulisoma.

Makala haya yahusu kazi hiyo ya kutazama. Mwalimu akishaandika kitu na kukibandika hadharani, ana maswali mawili ya kujiuliza. La kwanza, nani hasa anakisoma? La pili, msomaji huyo amefikaje hapo: nani alimwambia, alipita njia gani, na alikuwa akitafuta nini? Walimu wengi hulijaribu la kwanza kidogo, na la pili hawaligusi kabisa. Sisi twaona la pili ndilo lenye mafundisho zaidi, na tutaeleza sababu, ingawa maelezo yenyewe yatatulazimu kukiri makosa yetu mawili matatu.

Tuanze na desturi ya kwetu. Watu wa Usukuma wanaijua habari ya ushindani wa ngoma kati ya Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno, pande hizo mbili hukutana uwanjani, kila upande hupiga ngoma zake wakati ule ule, na ushindi hupewa upande uliovuta watazamaji wengi zaidi. Kwa hiyo wachezaji hufanya kila hila waijuayo, na wako wanaofika na chatu. Chatu akitolewa, watu hukimbilia huko, na upande wa pili hubaki na wazee wachache waliokuja kusikiliza maneno ya nyimbo. Katika ngoma hiyo ndiyo sheria, wala hatuilaumu. Lakini mwalimu hawezi kuyapima maandishi yake kwa kipimo hicho, maana yeye anahitaji kujua wale wazee wachache ni akina nani na kwa nini hawakukimbia.

Kabla ya kusomea stashahada tulifundisha miaka kadhaa katika shule moja ya msingi iliyomo katika ukanda wa machimbo, wilayani Geita. Msomaji asiyeijua nchi ile afikirie kijiji ambacho upande mmoja kina mashamba ya mihogo, mahindi na pamba, na upande mwingine kina maduara ya wachimbaji wadogo, makarasha yanayosaga mawe mchana kutwa, na mialo ambako unga wa mawe huoshwa ili kupata dhahabu. Shule imesimama katikati. Sauti ya makarasha huingia madarasani, na mwalimu hujizoeza kusema kwa nguvu kuliko kawaida. Hata leo nyumbani kwetu huambiwa tunapiga kelele.

Huko tulianzisha gazeti la ukutani. Lilikuwa karatasi moja ya manila, iliyoandikwa kwa mkono kila Jumapili usiku na kubandikwa Jumatatu asubuhi kwenye ukuta wa nje wa Darasa la Nne, chini ya upenu, kando ya njia iendayo kwenye pampu ya maji. Ndani yake mlikuwa na habari za shule, hesabu moja ngumu, kitendawili, bei za vyakula, na makala fupi tuliyoitunga wenyewe juu ya jambo lolote lililotugusa wiki ile. Kwa kweli lilikuwa gazeti letu kuliko la shule. Mwalimu mkuu alituachia tu, kama mtu amwachiavyo mtoto kibuyu kilichotoboka.

Baada ya miezi michache tukaingiwa na tamaa ya kujua kama kuna anayelisoma. Siku moja wakati wa mapumziko tuliketi dirishani mwa ofisi ya walimu, tukawa tunachora kijistari kwa kila mtu aliyesimama mbele ya gazeti. Vijistari vilijaa ukurasa. Tulifurahi sana, hata tukawaonyesha walimu wenzetu. Kesho yake tulisogea karibu, tukaona kwamba wengi wa wale tuliowahesabu waliupa ukuta mgongo. Walikuwa wamefuata kivuli. Wengine walikuwa wakisubiri uji, na wavulana wawili walicheza gololi chini ya makala yetu ya kilimo bila kuinua macho. Tena tulikuwa tumempa kiranja kazi ya kuendelea kuhesabu saa ambazo sisi tulikuwa darasani. Alipoleta karatasi yake tulimwuliza mbona siku hiyo imezidi. Akajibu kwa adabu, "Na wewe mwalimu nimekuhesabu, mara nne." Tulikuwa tukipita pale kwenda kuutazama mwandiko wetu wenyewe, na kila tulipopita tuliongeza idadi ya wasomaji.

Jaribio la pili lilikuwa la daftari. Tulitundika daftari na kalamu iliyofungwa kwa uzi, tukaandika juu yake: "Kila asomaye aandike jina lake." Kalamu ilipotea siku ya Jumatano. Majina yaliyopatikana hayakuwa na faida: watoto waliandika majina yao mara kumi kumi, mwingine aliandika jina la Baba wa Taifa, na mwingine jina la mchezaji mpira wa Ulaya. Lililotushangaza ni kwamba hapakuwa na jina hata moja la mtu mzima, na sisi tulikuwa tumekwisha kuwaona watu wazima pale kwa macho yetu. Tukadhani wameacha kuja. Kumbe walikuwa wameliona lile daftari wakapita mbali. Katika kijiji cha machimbo, karatasi inayodai jina la mtu si jambo jema: huenda ni ya kodi, huenda ni ya mchango, huenda ni ya msako.

Tukaliondoa daftari, tukairudia elimu ya wachungaji. Mchungaji wa ng'ombe hamwulizi ng'ombe aliyepotea jina lake, hutazama chini. Tuliwaomba watoto wa zamu wafagie eneo lililo mbele ya ukuta kila jioni na kulinyunyizia vumbi laini. Asubuhi na mapema, kabla ya kengele, tulikwenda kusoma nyayo. Hapo ndipo tulipoanza kujua kitu. Zilikuwako nyayo za katambuga, na nyayo za buti za mpira wazivaazo wachimbaji wakati wa masika. Zilikuwako kandambili za mwanamke, na kando yake nyayo ndogo za mtoto asiye na viatu. Mama huyo alikuwa amesimama kitambo, maana vumbi lilikuwa limekanyagwa mara nyingi mahali pale pale. Na nyayo hizo hazikutoka getini. Zilitoka kwenye tundu la ua, upande wa maduara. Gazeti tulilodhani ni la watoto wa Darasa la Nne lilikuwa likisomwa jioni na watu wa machimbo, na wengi wao hawakuwahi kupita katika lango la shule yetu.

Nyayo zilitwambia njia, lakini hazikutwambia neno. Kwa hiyo tulitunga kitendawili ambacho hakimo katika kitabu chochote, ili asiwepo mtu wa kukijibu kwa kukariri. Kilisema hivi: "Maji yangu hayalowishi, humla mpishi asiyeyaonja." Hatukuandika jibu. Tuliandika tu kwamba mwenye jibu alipeleke kwa mwalimu yeyote, au kwa mtoto yeyote wa shule.

Jibu ni zebaki. Mchimbaji huichanganya na unga wa mawe ili ishikamane na dhahabu, kisha huuchoma mchanganyiko huo. Zebaki ikaruka kuwa mvuke na dhahabu ikabaki. Mvuke huo hauonekani wala haunuki. Huharibu mishipa ya fahamu na figo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto aliye tumboni. Kule kwetu wako waliokuwa wakichoma jikoni, katika jiko lile lile lipikiwalo ugali, watoto wakiota moto pembeni. Hata mkataba wa mataifa uliopitishwa mwaka 2013 kupunguza matumizi ya zebaki, ule uitwao wa Minamata kwa jina la mji wa Japani uliopata msiba kwa ajili yake, unawataja wachimbaji wadogo wa dhahabu. Sisi tulikuwa tumeandika makala mbili juu ya jambo hilo, tukidhani tunawaelimisha watoto.

Majibu matatu yaliletwa katika wiki mbili. La kwanza lililetwa na msichana wa Darasa la Tano, naye alilipata kwa baba yake. La pili lilitoka kwa mama ntilie mmoja mwenye banda karibu na makarasha. La tatu lilitustaajabisha, kwani lilitoka kwa muuza mitumba wa sokoni Katoro, ambaye hakupata kuiona shule yetu maishani mwake, alimtuma dereva wa bodaboda aseme, "Mwambie mwalimu ni zebaki, na mimi nimeacha kuichomea ndani."

Kila mmoja tulimwuliza swali moja tu: "Ulikisikia kwa nani?" Tukamfuata huyo aliyetajwa, naye tukamwuliza hivyo hivyo, mpaka tukafika ukutani. Msichana yule alikuwa amekinakili kitendawili nyuma ya daftari lake la Sayansi. Usiku baba yake alichukua daftari kutazama kama mtoto anasoma, akakutana nacho. Mama ntilie hakujua kusoma. Lakini kulikuwa na mchimbaji mmoja, mteja wake wa chai, aliyekuwa akipitia ukutani kila Jumatatu jioni na kuja kumsimulia yaliyoandikwa, na yeye akawasimulia wengine walioketi bandani. Dereva wa bodaboda alikula hapo. Kutoka kwenye kikombe chake cha chai habari ikapanda pikipiki mpaka Katoro.

Mwanachuo ayatafakari haya. Kama tungeendelea kuhesabu vichwa, huyo mama ntilie asingehesabiwa kamwe, kwa kuwa hakufika ukutani na hakujua kusoma. Na kumbe ndiye aliyekuwa mlango mkubwa wa gazeti letu. Tulipokwisha kulijua hilo tulibadili uandishi. Makala ya zebaki tuliyapunguza, sentensi tukazifanya fupi, kwa sababu sasa tulijua kwamba yatasimuliwa na mtu mmoja kwa wengine, katikati ya kelele za makarasha, na sentensi ndefu hukatika njiani. Sentensi hiyo ndefu mliyoisoma sasa hivi ingepotea kabla ya kumaliza chai.

Njia nyingine tuliijua kwa bahati. Siku gazeti letu lilipopata watu wengi kuliko siku zote, walijaa ukutani tangu asubuhi, wanaume kwa wanawake, wakisukumana. Tulidhani ni kwa ajili ya makala tuliyoyasumbukia sana juu ya ugonjwa wa batobato ya mihogo. Watu wale walilitazama gazeti juu hadi chini, wengine wakachungulia na nyuma ya karatasi, wakaondoka wananung'unika. Baadaye mzee mmoja alikuja ofisini. Tulimpa shikamoo, akaitika, akasema, "Mwalimu, jina langu halimo. Nimwone nani?" Kumbe pampuni kulikuwa na uvumi kwamba shule imebandika majina ya watakaogawiwa maeneo ya kuchimba. Umati ule wote ulifika kwetu kwa kupotezwa njia. Basi kama tungeandika katika taarifa yetu kwamba siku hiyo watu zaidi ya mia walisoma habari za batobato, tungekuwa tumesema jambo lenye tarakimu sahihi na maana ya uongo. Lakini haki ni haki: mzee yule, tulipomweleza kosa, alirudi ukutani akasoma habari za mihogo polepole kwa kidole, akasema ugonjwa huo anao shambani mwake. Tangu siku hiyo hakukosa Jumatatu. Aliyefika kwa kupotea naye huweza kuketi.

Kutafuta njia za waliofika kulitufunulia pia wasiofika. Nyayo na majibu yalionyesha wavulana wengi wa madarasa ya juu, lakini wasichana wa Darasa la Sita hawakuonekana. Tulidhani hawapendi kusoma. Siku tulipowafuatilia wakati wa mapumziko tuliwakuta pampuni, kwenye foleni, wakichota maji ya nyumba za walimu, na ndoo moja ilikuwa ya kwetu. Tuliandika nakala ya pili ya gazeti, tukaitundika kwenye uzio wa pampu, na suala la maji ya walimu tukalipeleka katika kikao cha walimu, ambako halikupokewa kwa furaha. Majibu ya ile hesabu ngumu yalianza kuja kutoka pampuni kabla ya juma kwisha.

Wala jambo hili si geni katika nchi yetu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu mwaka 1923 mjini Dar es Salaam, lilichapa barua na mashairi ya wasomaji pamoja na majina ya mahali walikotoka, na mtu akizifuata barua hizo aweza kuona njia ambazo gazeti lilipita. Lakini barua huonyesha wale waliojua kuandika na waliokuwa na bei ya stempu. Aliyesomewa na jirani barazani hakuacha alama yoyote. Hapa kwetu Kanda ya Ziwa, baada ya mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa ulioendeshwa kati ya 1968 na 1972 katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, lilianzishwa mwaka 1974 gazeti la Elimu Haina Mwisho kwa ajili ya watu wazima waliokwisha kujua kusoma, wasije wakasahau. Geita wakati ule ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Haikuwa mkoa hadi 2012. Gazeti la namna hiyo likiingia katika nyumba moja, husomwa na mmoja na kusikilizwa na wanne. Anayehesabu nakala zilizochapwa amehesabu karatasi.

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ndiyo tunayoipenda zaidi kuitolea mfano. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa kitabu na kiongozi wao, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Washiriki walikadiriwa kufika milioni 2. Lakini waliotaka kujua mafanikio yake hawakutosheka na idadi hiyo ya walioketi kusikiliza. Walikwenda vijijini kutazama nyumba zenyewe, kabla na baada: je, choo kipo? Uwanja umefagiwa? Wao pia walitazama chini.

Sasa tufike kwenye kosa letu kubwa, ambalo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya.

Miongoni mwa nyayo za jioni zilikuwako za buti za mpira zilizomzidi mwenyewe. Kisigino kilikuwa kikiburura. Zilikuja karibu kila Jumatatu baada ya giza kuingia, zikasimama upande wa kulia wa karatasi, mahali tulipokuwa tukiandika hesabu. Tulitaka sana kumjua mtu huyu. Jioni moja tulijificha nyuma ya Darasa la Nne, na aliposimama tukammulika kwa tochi. Alikuwa mvulana wa miaka kumi na mitatu hivi. Aligeuka, akasema, "Shikamoo mwalimu," tukamjibu marahaba. Tulimkumbuka: mwaka uliotangulia alikuwa Darasa la Sita, akaacha kuja, tukasikia anabeba viroba vya mawe kutoka maduarani. Tulimwuliza jina lake kamili ingawa tulilijua. Tukamwuliza baba yake yuko wapi, na kwa nini ameacha shule, na kama anajua kwamba ni kosa. Alijibu yote kwa sauti ndogo. Tulimwambia aje kesho ofisini. Hakuja. Jumatatu iliyofuata vumbi upande wa kulia lilikuwa laini kama tulivyoliacha.

Mtatwambia kwamba tulikuwa na wajibu. Ni kweli. Tangu Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 mahudhurio ya shule ya msingi ni lazima, na mzazi asiyemleta mtoto aweza kushtakiwa. Mwalimu anayemwona mtoto nje ya shule akanyamaza hafanyi kazi yake. Lakini mtoto yule alikuwa amekwisha kuanza kurudi shuleni kwa njia yake mwenyewe, usiku, kwa kupitia tundu la ua, akifuata hesabu. Uzi mmoja tu ndio uliobaki kati yake na darasa, nasi tuliuvuta kwa mkono mzito ukakatika. Wajibu wetu ulikuwa kuitengeneza njia ile iwe pana zaidi, siku hadi siku, mpaka imfikishe mlangoni. Tukaanza na jina na baba na kosa, mambo ambayo yeye alikuwa akiyakimbia. Tulikuwa tumelisahau somo la lile daftari: kumwuliza mtu amefikaje ni kumkaribisha, na kumwuliza yeye ni nani, kabla hajawa tayari kusema, ni kumfukuza.

Wiki kadhaa baadaye tulianza kumpelekea mama ntilie nakala ya tatu, akaitundika bandani karibu na makarasha. Hatukumwambia sababu. Jumatatu moja alituletea ujumbe kwa mtoto: tuandike nyingine, maana ile ya juzi imechanwa kipande. Tulikwenda kuitazama. Kilichochanwa kilikuwa upande wa kulia, penye hesabu, na kilikuwa kimekatwa taratibu kwa kisu. Mama ntilie tulimwuliza tu kama hesabu iendelee kuandikwa upande ule ule. Akasema, "Endelea, mwalimu. Yupo anayeitaka." Hatukumwuliza ni nani. Tuliihama shule ile mwaka uliofuata kwenda chuoni, na mwenzetu aliyetupokea kazi alituahidi kuendelea na nakala ya bandani.

Leo wanachuo wengi hulipiga picha gazeti lao kwa simu na kulituma katika makundi ya wazazi, na simu yenyewe huwaonyesha ni wangapi waliolifungua. Jambo hilo ni jema, na sisi tunalifanya. Lakini aliyelifungua huenda alikuwa akitafuta kama amo katika orodha ya michango, kama wale wa pampuni. Na yule anayesimuliwa bandani simu haimwoni. Kijistari cha simu ni ndugu wa kijistari chetu cha dirishani.

Kwa hiyo, katika mazoezi ya kufundisha yajayo, mkufunzi atakayekuja kukukagua kutoka upande wetu hatakuuliza gazeti lako limesomwa na wangapi. Andika gazeti, libandike mahali pale pale kwa wiki tatu, fagia mbele yake, na weka ndani yake swali moja lisilo na jibu kitabuni, linalohusu maisha ya hapo kijijini: mnada, kisima, mihogo, maduara. Jibu likija, uliza limepita kwa nani, na umfuate huyo kwa heshima. Ukikutana na mtu mzima, mwamkie kwanza, na usitoe kalamu mbele yake. Chora njia ulizoziona nyuma ya andalio lako la somo, hata zikiwa mbili tu, na uandike pembeni ni akina nani ambao hukuwaona kabisa na unadhani wako wapi saa ile. Usiandike majina ya watu. Tutaelewa bila majina. Sentensi ile ya "wanafunzi wote" iache.